Shira ya Bibi Pua

"Usikate. Chana."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Mama Mapacha alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni katikati ya magoti, akiuchana mkate wa jana kwa vidole na kuudondosha vipande vipande.

"Nachana, mama."

"Nasikia kisu."

"Ni ganda hilo, limekauka. Kisu kipo mezani, hata sijakigusa."

"Haya. Kisu kinaufunga mkate mdomo. Ukiuchana unaufungua, ndipo unakunywa maziwa. Mkate wa jana, maziwa ya leo. Ukibadilisha hapo, umepika kitu kingine."

Maneno hayo aliyajua kama mtu anavyojua mlango wake gizani, lakini aliyaitikia kila mara. Mkwe asiyeitikia huhesabiwa kuwa ana lake moyoni, na yeye hakuwa na lake.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Cha ndani alilala yeye na mumewe na watoto wao pacha, wasichana. Cha mbele kilikuwa sebule na jiko, na tangu nyonga za mama mkwe zilipogoma, kilikuwa pia mahali pa kitanda chake, kilichosukumwa pembeni na kufichwa kwa pazia la maua yaliyofifia. Mtaani walimwita Bibi Pua. Alikuwa amepika katika nyumba za watu tangu usichana wake, na pua yake ilijua maziwa yatakayochacha kesho na samaki wa juzi aliyeoshwa kwa ndimu aonekane wa leo. Zamani wake za watu walikuwa wakimjia na mashati ya waume zao, awanusie walikopitia. Aliwarudisha mlangoni. "Mimi nanusa vyungu," alikuwa akiwaambia, "mashati nuseni wenyewe."

Kutoka katika kazi hiyo alirudi na vitu viwili: sufuria nzito ya chuma na pudini ya mkate. Pudini ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Mwana wake, mume wa Mama Mapacha, alikuwa fundi rangi, na mvua zilipoanza hapakuwa na aliyetaka kupakiwa ukuta. Hivyo kila siku trei mbili zilikwenda mkahawani, zikiwa na mkate uliolowa maziwa, malai yaliyoenguliwa juu ya maziwa, siagi na viini vya mayai, zabibu kavu zimezama ndani kama kokoto mtoni, na juu yake shira ya sukari iliyounguzwa, ya rangi ya kahawia, ambayo wateja walikuwa wakiikwangua kwa kijiko hadi sahani ing'ae.

Shira hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Bibi Pua. Sufuria ilikuwa nyeusi ndani kama masizi, na sukari ikiyeyuka humo haionyeshi rangi. Jicho halikuwa na kazi. Mama Mapacha angesimama na kitambaa mkononi, nyumba nzima ikinyamaza, hata pacha walijua kufunga midomo, mpaka sauti itoke nyuma ya pazia: "Ondoa!" Hapo angeiepua, atie siagi, amimine malai ya moto, na sufuria ingenguruma kama mnyama. Kwa miaka mingi shira ilitoka sawa, leo kama jana.

Mara moja tu, akiwa bi harusi, aliepua kabla ya kuambiwa. Shira ilikuwa nyepesi, tamu kama maji ya sukari. Bibi Pua aliitoa nje mwenyewe, akaimwaga mtaroni mbele ya majirani, bila neno. Tangu siku hiyo Mama Mapacha hakuwahi kuitegemea pua yake mwenyewe.

Alimwagia mkate maziwa na mayai, akausindilia kwa kiganja, akauacha. Akaiweka sukari motoni. Nyumba ikanyamaza. Sukari ilianza kusinyaa pembeni, ikawa maji, ikachemka taratibu. Akasubiri. Ukatokea moshi mwembamba. Harufu ikamchoma nyuma ya koo, na moyo ukamwambia imepita. Lakini pazia lilikuwa kimya, akasubiri.

"Ondoa!"

Akaiepua. Alipoonja kwa ncha ya ulimi, uso ulimkunjamana wenyewe.

"Vipi?" aliuliza Bibi Pua.

"Iko sawa, mama."

*

Mwenye mkahawa aliitwa Tabasamu, kwa sababu mdomo wake haukujua kufanya kitu kingine. Alitabasamu akipokea, akatabasamu akifukuza. Kesho yake asubuhi, Mama Mapacha alipoingia kwa mlango wa nyuma kuchukua trei tupu, alizikuta trei zake juu ya sinki, kando ya vyombo vichafu. Moja ilikuwa imechotwa pembe moja tu. Nyingine haikuguswa.

"Shemeji, karibu," alisema Tabasamu. Kila mwanamke aliyemwuzia kitu alikuwa shemeji yake. "Njoo huku mbele kidogo."

"Tuzungumze hapahapa tu, bosi. Nimevaa kandambili."

"Njoo, njoo. Hapa wote ni wa nyumbani."

Akamkalisha kwenye meza ya katikati, wateja wakinywa chai kushoto na kulia, akamwekea kipande cha pudini yake mwenyewe kwenye sahani, na kijiko, na kitambaa cha kujifutia.

"Kula."

"Nimeshakula nyumbani."

"Kula, shemeji. Mimi nimekula. Wateja wamekula. Umebaki wewe."

Akala. Karani mmoja aliyekuwa meza ya pili aliacha gazeti akamtazama. Uchungu ulimpanda puani. Alimeza, akachukua kijiko cha pili kwa sababu hakujua kama ameruhusiwa kukiweka chini.

"Inakuwaje?" aliuliza Tabasamu.

"Imeungua kidogo."

"Wiki iliyopita ilikuwa mbichi. Juzi imeungua. Jana imeungua. Dada mmoja hapo meza ya dirishani ameniuliza kama tunatia dawa ya mende." Watu wawili walicheka. Tabasamu aliwatabasamia, kisha akamrudia. "Mimi sina ugomvi na nyinyi. Yule mama mkubwa ni mtu wa maana, salamu zake. Lakini kesho wakubwa wa jengo la jirani wana kikao hapa, wameagiza pudini, trei nne. Kuna mama mwingine ameniletea ya kuonja. Si mbaya. Nikasema hapana, kwanza niwape watu wangu nafasi."

"Asante, bosi."

"Ikija chungu, shemeji, usinilaumu. Usije tena na trei. Njoo kunisalimia tu, kama mteja."

Alimpa zile mbili za jana azirudishe. Alipotoka, karani alimfungulia mlango kwa heshima, na heshima ile ilimchoma zaidi ya kicheko.

*

Walikula pudini mchana. Walikuwa wameila jana usiku pia. Pacha waliiondoa shira juu kwa vidole, wakaisukuma pembeni ya sahani.

"Mama, leo hakuna chakula?" aliuliza mmoja.

"Hiki ni nini?"

"Hiki ni cha kuuza."

Baba yao alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa mtu mrefu mwenye madoa ya rangi ya zamani kwenye kucha, na siku za mvua alikaa kwenye kiti cha mlangoni akiangalia barabara kana kwamba kazi ingepita na yeye asiione.

Mama Mapacha alimpelekea Bibi Pua chai. Maziwa yalibaki kidogo katika jagi kando ya kitanda, tangu jana asubuhi. Kabla hajayatoa, mkono wa mzee ulikwishayafikia. Akayamimina katika chai. Yalikatika papo hapo, mabonge meupe yakaelea juu. Harufu ya kuchacha ilimfikia Mama Mapacha alipokuwa amesimama. Bibi Pua, macho yake yakiwa dirishani, alikikoroga kikombe, akakiinua, akanywa.

"Umetia sukari kidogo," alisema.

"Nitaongeza, mama."

Alitoka na jagi, akalimwaga, akasimama uani mvua ikimlowesha mabega. Mambo mengi yalimrudia kwa pamoja: chungu cha maharage kilichoungua mwezi uliopita na mzee akauliza "mbona leo hamjapika?", yale mafua makali ya mwanzo wa mvua, ambayo hakuyalalamikia. Akaingia, akamvuta mumewe chumbani, akafunga mlango.

"Mama hanusi."

"Hanusi nini?"

"Hanusi kitu. Pua imekufa. Amekunywa maziwa yaliyochacha sasa hivi, mbele yangu."

Mumewe alimtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haina msingi. "Mama yangu? Nikiwa kijana nilivuta sigara moja, moja tu, nyuma ya kiwanda, nikatafuna majani yote ya njiani. Nilipofika mlangoni akaniambia, rudi ulikotoka."

"Nakwambia alivyo leo, sikuambii alivyokuwa."

"Labda ni mafua."

"Mafua ya miezi miwili? Na kila mara ananiambia ondoa, na mimi naondoa, na kesho kuna trei nne. Wakizirudisha hizo, tumekwisha. Tunakula nini? Rangi?"

Aliinamisha kichwa. Neno la mwisho lilimwuma, na mkewe alijua limemwuma, wala hakulirudisha.

"Basi mwambie," akasema.

"Umwambie wewe. Ni mama yako."

"Mimi siwezi." Akakaa kitandani. "Miguu imekwenda. Sokoni haendi. Kuoga anaogeshwa. Asubuhi hadi jioni anasubiri neno moja tu la kusema, aliseme nyumba nzima imtii. Ukimnyang'anya hilo, amebaki na nini humu ndani? Pazia?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo cha nani?"

Nje pacha walikuwa wakigombania kamba. Baadaye mumewe alisema kwa sauti ya chini, "Fanya hivi. Iepue mwenyewe, ukiona imefika. Yeye akisema ondoa, ndipo umimine malai. Atasikia ngurumo, atajua ameondoa yeye. Hakuna atakayeumia."

Lilionekana shauri jema. Lilitoka kwa mtu aliyempenda mama yake, likapokelewa na mtu aliyemheshimu, na hakuna kati yao aliyekuwa amewahi kuipika shira peke yake.

*

Jioni mvua ilipungua. Mama Mapacha alichana mikate ya trei nne, akapasha maziwa, akatenga viini na ute, akakuna kungumanga. Pudini ingelala inalowa, iokwe alfajiri, ifike mkahawani ikiwa ya moto. Shira nayo aliipika jioni hii, ili kesho ipashwe tu. Bibi Pua aliamrisha kila hatua, naye aliitikia. Mumewe alikuwa mlangoni, amegeuza kiti, ameacha barabara.

Sukari ikaingia. Nyumba ikanyamaza.

Safari hii aliipa pua yake ruhusa. Ilikuwa kama kuamsha mtu aliyelala miaka. Kwanza hakusikia kitu, kisha utamu mtupu, kisha kitu kilichokaribia mkate uliookwa, kisha kitu chenye makali kidogo chini yake. Akadondosha tone kwenye kisosi cheupe. Rangi ya majani makavu. Moyo ukamruka. Sasa.

Akaiepua polepole, moto akiuacha uendelee kuvuma, na ili chuma kisigonge saruji akaikalisha sufuria juu ya taulo lililokunjwa. Akamtazama mumewe. Mumewe akaitikia kwa kichwa: vizuri. Akashika jagi la malai, akasubiri neno.

Pazia lilikuwa kimya.

Akasubiri. Harufu ilianza kubadilika. Akainama. Ndani ya ule weusi sukari ilikuwa bado inatembea, inavuta moshi, ingawa moto ulikuwa mbali. Chuma kizito hakipoi kwa kuambiwa, na taulo lile lilikuwa limekifunga joto kama blanketi. Alimtazama mumewe kwa hofu. Mimina sasa, na ngurumo itamwambia mzee kila kitu. Usimimine, na sukari inaungua machoni pako. Mumewe alifungua mikono kuonyesha hajui. Mama Mapacha aliliinamisha jagi, hakumimina.

"Ondoa!" ikasema sauti, kwa wasiwasi, kama mtu anayebahatisha.

Akamimina. Sufuria ikanguruma, moshi ukajaa chumba, pacha wakakohoa ndani. Hakuwa na haja ya kuonja.

"Umeiepua lini?" aliuliza Bibi Pua.

"Sasa hivi, mama."

"Fungua pazia."

Akalifungua. Mzee alikuwa ameegemea ukuta, mikono juu ya shuka, macho makavu.

"Sukari motoni inanong'ona," alisema. "Inaanza kwa nguvu, kisha inapunguza, kisha inanong'ona. Mimi nasikiliza mnong'ono huo. Leo umekatika ghafla, nikakaa naitafuta sukari imekwenda wapi. Mnanificha. Pua imekufa, lakini masikio ninayo."

Fundi rangi alisimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa akapoteza chenji.

"Mama, tangu lini?" aliuliza hatimaye.

"Tangu yale mafua. Niliamka siku moja, dunia imefungwa. Hata uchafu wangu mwenyewe siusikii, mkeo akija kunisafisha nauangalia uso wake ndio nijue." Akamgeukia mkwewe. "Nilidhani itarudi. Nikawa naotea. Siku nyingine napata."

"Wiki hii hujapata hata mara moja," alisema Mama Mapacha, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. "Leo asubuhi nimekalishwa mezani mbele ya watu nikalishwa kama mbuzi. Ungeniambia."

"Nikuambie ili iwe nini? Mzee asiyetembea, asiyenusa. Anayekula tu. Na wewe ulijua jana imeungua. Uliniambia iko sawa."

"Nilikuheshimu."

"Na mimi nilijiheshimu. Tazama heshima zetu hizo zilivyoungua humo."

Mwanawe alitaka kucheka, akashindwa. Alikwenda akaichukua sufuria, akaimwaga mtaroni, akairudisha. Sukari iliyobaki kwenye mfuko ilitosha mpiko mmoja.

"Pika," alisema Bibi Pua.

"Utaniambia?"

"Sitakuambia. Sina cha kukuambia. Pika."

Akapika. Pazia lilikuwa wazi na mzee alikuwa akimtazama mgongo, na kile kimya kilichokuwa cha amri sasa kilikuwa kimya tu, kimya cha watu watatu wasiojua. Alipoliona tone kwenye kisosi, aliogopa kuwa ni mapema, akajizuia, akaogopa kuchelewa, akaepua. Safari hii hakusubiri mtu. Siagi, malai, ngurumo, chumvi kidogo. Akaonja. Akaonja tena. Ulimi wake ulikuwa umejaa uchungu wa siku mbili na haukumwambia lolote.

"Onja wewe."

Mumewe akaonja. "Nzuri."

"Na ya juzi ulisema nzuri."

"Ya juzi nilisema kwa sababu wewe ulinitazama hivyohivyo."

Pacha waliitwa. Mmoja alikataa kufungua mdomo. Mwingine aliramba, akasema, "Ni pudini," kwa sauti ya mtu aliyechoka na jina hilo. Basi. Nyumba nzima haikuwa na mwenye kujua. Angejua Tabasamu, kesho, mbele ya wakubwa.

Mama Mapacha alifunika trei kwa vitambaa, akazipanga juu ya kabati ambako panya hawafiki. Alikuwa akitafuta kifuniko cha sufuria Bibi Pua aliponyoosha mkono.

"Ilete hapa kwanza."

Akaileta, akaketi ukingoni mwa kitanda, sufuria ikiwa juu ya magoti yake. Mzee aliinama juu ya mvuke, akavuta pumzi mpaka kifua kikainuka, akaishikilia, akaiachia. Uso wake haukubadilika.

"Ina joto," alisema. "Hilo nalipata. Niambie inanukaje."

"Inanukia vizuri, mama."

"Vizuri si harufu. Hivyo ndivyo wanavyosema wageni mezani. Inanukaje?"

Mama Mapacha aliinama. Hakuwa amewahi kuulizwa. "Kama sukari."

"Sukari haina harufu. Tena."

"Kama… kama mkate, ile sehemu ya chini iliyogusa bati."

"Na chini yake?"

"Kuna kitu kinachoma."

"Kinachoma wapi? Mbele au nyuma? Kuna kuchoma kwa kuiva na kuna kuchoma kwa kuungua. Havichomi mahali pamoja."

Alivuta tena, macho amefumba. Alitafuta mbele, akatafuta nyuma. Mvuke ulikuwa umeanza kupungua na harufu ilikuwa ikimtoroka kila alipoikaribia.

"Sijui, mama," akasema. "Kweli sijui."

Bibi Pua aliugusa ukingo wa sufuria kwa mkono.

"Imeshapoa," alisema. "Iache. Alfajiri ukiipasha, niamshe kabla hujatoka. Tutaanzia hapo."